Usimtajie Raj Kapoor: Mwongozo kwa Mgeni wa Pemba

Mgeni anayekuja Pemba huonywa mambo mengi kabla hajapanda boti. Huambiwa mkondo wa Pemba una mawimbi, achukue ndimu ya kunusa. Huambiwa barabara ina kona nyingi, asishibe sana kabla ya safari. Wengine humtisha kwa uganga, jambo ambalo Mwingereza Evelyn Waugh alishalitia kitabuni mwaka 1931, na mpaka leo wapo wageni wanaolisoma hotelini huku wakichungulia nyuma ya pazia. Hatari moja tu haitajwi, nayo ndiyo inayowapata wengi: mzee wa barazani anayependa sinema za kale.

Haumi, hana hirizi, na kahawa atakununulia yeye. Lakini ukikaa naye saa kumi jioni, watu wametoka kusali alasiri, utainuka isha, na mambo ya Bombay ya mwaka 1951 utakuwa unayajua kuliko ya kwenu. Mwongozo huu umetungwa kwa ajili ya usalama wako.

Kumtambua si kazi. Mavazi hayatakusaidia, maana kanzu yake na kofia yake ya viua ni kama za wenzake wote, ukiwa Chake au Wete. Sikiliza mdomo. Wenzake wakizungumza bei ya karafuu, yeye atasema mwaka fulani mikarafuu ilizaa mpaka matawi yakakatika, na mwaka huo ndio ilipokuja picha fulani. Hasemi filamu, husema picha. Mwigizaji mkuu kwake ni steringi, mbaya wake ni adui, na pale katikati watu wanapotoka kununua njugu ni intavali. Ukimsikia mtu anaikumbuka harusi yake mwenyewe kwa kuihesabia Mother India, huyo ndiye. Ama ondoka sasa hivi, ama kaa vizuri.

Ipo na aina changa, nayo ni kali zaidi. Kijana huyu hakuwahi kukanyaga jumba la sinema Pemba kwa sababu alizaliwa yameshafungwa, lakini simu yake imejaa mabango ya filamu ambazo hata waliozitengeneza wamezisahau. Mzee angalau huchoka. Kijana hachoki, na betri ya akiba anayo mfukoni.

Mtego wa kwanza huja kwa upole. "Mwanangu, Awara umeiona?" Ukisema hujaiona, utahadithiwa yote. Picha yenyewe ni ya zaidi ya saa tatu, na masimulizi ni marefu kuliko picha kwa sababu nyimbo huimbwa zote, mara nyingine mbili mbili. Ukisema umeiona, utaulizwa: akina Kapoor wamo wangapi? Asiyejihadhari hujibu mmoja. Aliyesoma kidogo hujibu wawili, steringi Raj na Prithviraj, ambaye ni baba yake ndani ya picha na nje ya picha. Jibu sahihi ni wanne. Yule mtoto anayemwigiza Raj mdogo ni Shashi, mdogo wake Raj wa kuzaliwa. Na yule jaji mzee aliyekaa juu mahakamani ni Dewan Basheshwarnath, baba wa Prithviraj, babu wa Raj na Shashi. Vizazi vitatu katika kesi moja. Jibu hili liweke moyoni, ila usiliharakishe. Ukilitoa upesi atakuona mwenzake, na hapo hakuna boti itakayokungoja.

Nami niseme langu, kwa kuwa yeye hatakupa nafasi ya kusema lako. Awara si picha iliyosahauliwa hata kidogo. Imesifiwa Urusi, imesifiwa Uturuki, na pwani yote hii imeimbwa na watu wasiojua neno moja la Kihindi. Kinachosahauliwa ni kwa nini iliwashika watu wa visiwa hivi kwa nguvu zile. Hakimu, ndiye Prithviraj, amemfukuza mkewe mjamzito kwa shaka tu. Yeye mwenyewe huamini kwamba mtoto wa mwizi atakuwa mwizi na mtoto wa muungwana atakuwa muungwana, kisha mwanawe wa damu analetwa mbele yake kizimbani, naye hamjui. Picha hiyo ilifika katika visiwa ambavyo miaka hiyo ya 1950 mtu aliulizwa ukoo kabla hajaulizwa jina, na siasa za vyama zilianza kuchemkia hapo hapo kwenye ukoo. Mtu aliyelia mle ndani hakuwa akimlilia Nargis wa kwenye picha peke yake. Mwambie hilo mzee wako wa barazani. Atanyamaza kidogo, nawe utapata mwanya wa kumaliza kahawa yako.

Mother India ni hatari ndogo. Ni ya 1957, ya Mehboob Khan, na Nargis humo ni mama anayempiga risasi mwanawe mwenyewe. Utasimuliwa kwamba walipokuwa wakipiga picha moto ulimzingira Nargis, akatolewa na Sunil Dutt, kijana aliyeigiza mwanawe, na mwaka wa pili wakaoana. Mzee ataguna hapo: "Mama kaolewa na mwana!" Cheka. Kichekesho hicho kina umri mkubwa kuliko wewe, na kila mkubwa anastahiki heshima yake. Mughal-e-Azam usiiguse kabisa kama una miadi.

Kosa la pili la wageni ni kuitaja Hollywood, wakidhani ndipo pa kujisalimisha. Mjuzi wa Pemba ana kisa maalumu na Hollywood. Anazijua filamu zote zilizobeba jina la Zanzibar, na zote amezishitaki. Mwaka 1928 Tod Browning alitengeneza West of Zanzibar, Lon Chaney akiwa mwanamazingaombwe aliyevunjika kiuno na kuja Afrika kulipiza kisasi kwa mfanyabiashara wa pembe. Haikupigwa hata kipande kimoja huku. Asili yake ilikuwa mchezo wa jukwaani New York, ulioitwa Kongo, wa 1926, steringi wake Walter Huston. Browning akauhamisha mchezo kutoka Kongo kuuleta kwetu bila kutuuliza, na mwaka 1932 ukatengenezwa tena kwa jina lake la Kongo, na Huston yule yule. Kwa hiyo tuliazimwa miaka minne kisha tukarudishwa. Halafu mwaka 1941 wakaja Bing Crosby na Bob Hope na Road to Zanzibar. Hadithi hiyo iliandikwa kwanza kama kisa cha safari cha kweli kweli, wenye studio wakaona inafanana mno na filamu ya Stanley na Livingstone iliyotangulia, wakaigeuza vichekesho. Msitu wote ni wa studio. Waingereza walau walijitahidi: mwaka 1954 Harry Watt alitoa West of Zanzibar nyingine, ya magendo ya pembe za ndovu, na sehemu ya picha hiyo ilipigwa Kenya na Unguja kweli.

Hapo ndipo atakapokuuliza, akikukazia macho, magharibi ya Zanzibar kuna nini. Bagamoyo, utasema. Vizuri. Na magharibi ya Pemba? Usijibu Tanga tu ukadhani umepona. Panda juu kidogo, kwenye milima ya Usambara, kuna mahali panaitwa Vugiri, na hapo tangu 1935 hadi 1937 Waingereza wawili, Notcutt na Latham, waliendesha mradi wa kutengeneza sinema za kuwafundisha Waafrika. Walitoa filamu zaidi ya thelathini: za safura, za kuweka pesa posta, za kodi, za kilimo. Waigizaji walikuwa watu wa huko huko. Mkanda haukuwa na sauti. Maneno yalitiwa kwenye sahani za santuri kwa lugha mbalimbali, Kiswahili kikiwemo, na lori likazunguka nazo nchi hata nchi, likifunga kitambaa cheupe uwanjani usiku. Sahani na mkanda vilitakiwa viende pamoja. Sindano ikiruka tu, mtaalamu wa safura anafungua mdomo na anayesikika ni karani wa posta.

Hapa mimi niko upande wa mzee moja kwa moja. Wapenzi wa sinema waliotapakaa duniani wanakesha wakitafuta vipande vilivyopotea vya Lon Chaney, na Zanzibar yake ilikuwa California. Vugiri, karibu sawasawa na Pemba ukivuka bahari, watu wetu walikuwa mbele ya kamera miaka ile, wakiigiza kwa lugha zao, na ni wangapi waliosikia? Filamu zenyewe huenda zikakuchosha. Ni za kufundisha, na aliyezitengeneza aliamini mtazamaji wake ni mzito wa kuelewa. Lakini nyuso zile ni nyuso.

Ukitaka kumkimbiza kwenye siasa ili umpoteze, utashindwa. Taja uhuru wa Tanganyika, atakuambia Rashidi Kawawa alikuwa steringi kabla hajawa Waziri Mkuu. Ni kweli. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, akiwa mtumishi wa idara ya maendeleo ya jamii, Kawawa aliigiza katika Muhogo Mchungu, na watu wa mjini walimjua kwa sura kabla ya kumjua kwa hotuba. Mwaka 1962 akawa Waziri Mkuu. Marekani walijisifu kwa Reagan, aliyeapishwa 1981. Sisi tulishatangulia kwa miaka karibu ishirini, na hatukupiga hata zumari.

Onyo kubwa kuliko yote linahusu Unguja. Usiseme, hata kwa nia njema, kwamba Zanzibar ilikuwa na majumba mazuri ya sinema, ukimaanisha Mji Mkongwe. Atakuacha umalize. Atakuacha umtaje Hassanali Adamali Jariwalla, aliyeleta biashara hiyo mjini. Utaitaja Royal ya Vuga, iliyochorwa na J. H. Sinclair na kufunguliwa mwaka 1921, ikaungua 1954, na mahali pake ikajengwa Majestic. Utaitaja Empire ya Darajani. Utahadithia jinsi mkanda mmoja ulivyoonyeshwa majumba mawili usiku mmoja, kijana wa baiskeli akikimbiza kasha la kwanza kutoka huku kwenda kule, na akianguka njiani watu wa jumba la pili hupiga makelele gizani. Atatikisa kichwa kwa adabu zote. Kisha atauliza: na Pemba?

Hapo mgeni huwa hana kitu. Chake Chake ilikuwa na sinema yake, Wete yake, na habari zake ziko midomoni mwa wazee zaidi kuliko zilivyo kwenye karatasi. Hata mwanahistoria Laura Fair, ambaye kitabu chake cha 2018 juu ya sinema za Tanzania ndicho kikubwa kuliko vyote na ndiye aliyewaandikia walanguzi wa tiketi historia yao, hakuweza kukipa kisiwa hiki nafasi ambayo mzee wako angetosheka nayo. Kwa hiyo yeye amejiteua kuwa kitabu kinachokosekana. Atakueleza kwamba pesa ya sinema Pemba ilikuwa pesa ya karafuu: zikivunwa, hata mchumaji wa kibarua aliweza kununua tiketi, zikishindwa, mwenye jumba alikaa mlangoni na kuhesabu mende. Atakueleza habari ya makasha. Picha ya Kihindi ilikuwa na makasha kumi au zaidi, nayo ilikuwa imeshapita miji mingi kabla ya kuvuka bahari. Ikifika hapa mkanda umekatwa na kuungwa mpaka wimbo unaruka maneno. Kuna siku, atasema, kasha la tisa liliwekwa kabla ya la saba, adui akafa, kisha akaja kuposa. Watu hawakuondoka. Walibishana njia nzima kurudi vijijini kama huyo ni yeye au ni pacha wake.

Usiulize kama kisa hicho kimethibitishwa.

Kama kuna mwanamke mtu mzima nyumba hiyo, omba ruhusa ukamsalimie, maana mjuzi wa kweli mara nyingi ni yeye na hajapewa baraza. Mjini Unguja yalikuwapo maonyesho ya wanawake peke yao, na wake waliotoka wamejifunika buibui walirudi na nyimbo nzima nzima kichwani. Watunzi wa taarabu nao wakazitia lahani hizo maneno ya Kiswahili na kuzipeleka harusini. Mumewe atakutajia nani aliongoza picha na mwaka gani. Bi Mkubwa atakutajia wimbo gani ulihamia taarabu ipi, nani aliuharibu, na Nargis alivaa sari ya namna gani. Kati ya wahakiki hawa wawili, mimi na Bi Mkubwa.

Mambo yaliyofuata yapite haraka, kwa kuwa mzee naye huyapita haraka, kwa hasira. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 Zanzibar ikapata televisheni ya rangi, mbele ya nchi zote za Afrika kusini ya Sahara; Bara walingoja mpaka 1994. Kisha ikaja video, zikaja CD, majumba yakafa. Tamasha la filamu la nchi za majahazi, lililoanza 1998 Ngome Kongwe, limejaribu kupeleka sinema vijijini kwa gari na kitambaa. Mzee atasema ni jambo zuri, kwa sauti ya mtu anayesifu chai ya jirani.

Lakini usimruhusu ayatukane mabanda ya video bila kumjibu. Humo, Dar es Salaam, ndimo alimokuzwa Lufufu, yule msimulizi aliyeingiza sauti yake juu ya filamu za Kihindi, za Kichina na za Kimarekani, akawapa waigizaji majina ya mtaani na kuwatungia maneno ambayo hawakuyasema. Wenye kupenda usafi wa sanaa humwita mharibifu. Kwangu mimi ni msanii, na ana babu zake Pemba. Mtu wa Kojani au Micheweni aliyewahi kufika mjini na kuiona picha alirudi kijijini akaihadithia barazani siku tatu, akiigiza sauti zote, adui na steringi na mama mkwe, na waliomsikiliza walisema wameiona picha hiyo. Lufufu aliongeza umeme tu.

Ukifika hapa bado umekaa, kahawa imepoa na halua ya Wete imekwisha, ipo silaha moja iliyobaki. Muulize habari ya kibati. Usimuulize kama mtalii; muulize nani katika ujana wake alikuwa hodari wa kujibu. Kibati ni majibizano ya papo kwa papo yanayofuata mdundo wa ngoma, maneno yakitoka mbio bila kuandikwa, kisha waitikiaji wanayadaka na kuyafanya kiitikio. Kukosea hakuruhusiwi, kusitasita ni kushindwa. Mtu aliyekuwa akikutajia masteringi wa Bombay ataanza kukutajia watu wa mtaa wake, na utagundua kwamba hazina yake kubwa alikuwa akiificha akidhani haina thamani kwa sababu haina bango. Ukimaliza hapo muulize mchezo wa ng'ombe: uwanja wa kijiji, dume limefungwa kamba, vijana wanalichokoza kwa nguo na kulikwepa, kina mama wakiimba. Wapo wanaosema tumeurithi kwa Wareno. Hao Wareno walikwenda zao zaidi ya miaka mia tatu iliyopita, na tofauti moja ni kubwa: huku ng'ombe hauawi. Kanuni ya sinema zote za mzee, kwamba steringi hafi, Pemba inatimizwa na dume la ng'ombe.

Njia za kuondoka ni chache. Adhana ni ya heshima, lakini atakusindikiza msikitini na kukungoja nje. Boti ya asubuhi ni kisingizio kizuri kama kweli una tiketi. Kisiwa ni kidogo na watu wanajuana. Kumwonyesha Awara kwenye simu yako ni kosa la wale wanaojiona wajanja: ataishika simu kwa mikono miwili, atatazama mwanzo hadi mwisho, bando lako litaisha kabla jaji hajatoa hukumu, na atakulaumu wewe kwa intavali. Wala usiahidi kumtafutia filamu yoyote ukifika kwenu. Nchi nyingine ahadi kama hiyo ni adabu ya kuagana. Hapa ni deni, na litaulizwa kwa kila jamaa yako atakayeshuka Mkoani.

Sasa nazungumza na msomaji wa hapa, si mgeni tena. Kama kwenu kuna kipande cha tiketi, bango, picha ya jumba la Wete au la Chake na watu wamepanga foleni, au daftari la mtu aliyewahi kushika projekta, usiwape watoto wachezee wala usiwashie jiko. Andika nyuma yake kwa kalamu ya risasi jina, mahali na mwaka kama unaujua, kisha uipeleke makumbusho iliyo ndani ya ngome ya Chake Chake na uwaulize kama wataipokea. Na huyo mzee wa barazani mrekodi, umwombe ruhusa kwanza. Simu yoyote inatosha. Iwe na nafasi ya saa nne.